Aliyesomea Dunia

Mama mdogo alikuwa na namna moja tu ya kunitambulisha kwa wageni. Alinielekezea kidole pale nilipokaa, kwa kawaida kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa nyuma, simu mkononi, akasema: "Huyu ni wa dada yangu. Amesomea dunia."

Alimaanisha shahada yangu ya uhusiano wa kimataifa. Mgeni alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza lile swali nililoliogopa: "Na sasa anafanya nini?" Mama mdogo alivuka mpaka kutoka Kenya zamani na mizigo ya nguo za watoto kichwani, akaja kufungua duka la sare za shule hapa Ntinda, Kampala, na hakupenda uongo. "Bado anaisoma," alijibu.

Ni kweli, niliisoma. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshapita barafu iliyomeguka kusini kabisa, waziri aliyejiuzulu katika nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani licha ya hiyo shahada, pweza mwenye mioyo mitatu, wabunge waliorushiana viti, dawa mpya iliyojaribiwa kwa panya, mafuriko, picha ya nyota iliyokufa kabla ya dunia kuwapo, na mwanamke mmoja aliyemfundisha kasuku wake kusali. Vyote vilipita kwa mwendo mmoja chini ya kidole gumba kimoja. Niliposoma habari ya tetemeko nilitafuta kujua kama Kampala nayo inaweza kutetemeka. Niliposoma habari ya ugonjwa nilijipapasa shingo. Nilijua mambo ya kutosha kuogopa kila kitu, na hayakutosha kunifanya ninyanyuke kitini.

Mama mdogo ndiye aliyeona kwamba hayo yote yangeweza kuwa na kazi.

Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika katika shule ya chekechea tuliyokodi kila Jumapili. Waliokuja ni Wakenya wa biashara kama yeye, Wakongo wa mashariki waliokimbia vita au waliofuata soko, na Waganda wachache sana, maana Waganda wengi wa rika la wazazi wetu bado walikisikia Kiswahili kama sauti ya askari anayekuamuru ulale chini. Mmoja wa hao wachache alikuwa ndiye mzee wetu wa kanisa. Aliingia jeshini baada ya vita vya themanini na sita, akastaafu na goti bovu, na wenzake walipomwuliza kwa nini hasali kwa Luganda, aliwajibu: "Luganda ni ya nyumbani. Mungu ni mukubwa. Yeye napigia saluti na Kiswahili."

Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, ukutani herufi za rangi na tembo mwenye kofia. Baada ya nyimbo kulikuwa na kipengele tulichokiita maombi ya mataifa. Mtu alisimama mbele akaleta mambo ya dunia, kisha watu wote wakasimama na kuyaombea kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake. Aliyekuwa akiyaleta alipohama, mama mdogo alinyoosha mkono.

"Huyu wangu dunia yote iko kwenye kiganja," alisema. "Si aitumie?"

Watu wakacheka. Mzee akanitazama kama mtu anayekagua gwaride. "Kijana, Jumapili utaleta lipoti ya dunia. Mambo tatu tu. Mungu haiko na haraka, lakini hii viti ni kidogo."

Basi nikawa mleta ripoti. Wiki nzima niliokota, na Jumamosi nikachagua: moja la siasa, moja la maafa, na la mwisho la sayansi, ili watu wakae chini wakiwa na matumaini. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nilihangaika na majina ya marais wa Asia. Nilijiuliza kama "sayari" itaeleweka au niseme tu "nyota kama yetu", na kama nikisema hivyo mtu aliyesoma fizikia atanicheka, ingawa sikujua mtu yeyote pale aliyesoma fizikia. Na Jumapili, nilipofungua mdomo, walinyamaza. Watu wazima wenye watoto na maduka walinyamaza wakanisikiliza, na nilipotaja idadi ya waliokosa makazi mahali fulani, "aaah" ilipita kwenye vile viti vidogo kama upepo. Naona aibu kuandika kwamba nilipoamka na kukuta maafa makubwa kwenye simu, nilinyanyuka kitandani nikiwa na nguvu.

Nyuma ya nyumba ya mama mdogo kulikuwa na vyumba vya kupangisha, na chumba kimoja kilikuwa cha mama wa Kikongo aliyeuza vitenge. Alivikunja begani na kuvitembeza Ntinda, na siku nyingine alikwenda navyo hadi soko la Kalerwe. Aliniita "papa", kama wamama wa kwao wanavyowaita hata watoto wa kiume walio wadogo. Mumewe alikwisha kufa, wanawe walikuwa wametawanyika, na kule kwao alibakiwa na mdogo wake mmoja tu, fundi wa cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya soko. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia simu pale uani, sauti ikiwa juu, na sisi sote tulisikia. Walikuwa wakigombana kwa furaha.

"Anasema nimenenepa," alitupasha siku moja huku akicheka hadi akashika ukuta. "Nikamuuliza umeniona wapi? Anasema sauti yako imenenepa, yaya." Kwao yaya ni dada mkubwa.

Kwa hiyo nililijua jina la mji wao. Sitaliandika hapa, lakini nililijua vizuri kama nilivyolijua jina la stendi yetu.

Jumamosi moja nililikuta jina hilo kwenye simu. Lilikuwa limebanwa kati ya tangazo la simu mpya na uchaguzi wa mbali. Watu wenye silaha waliingia mjini alfajiri, soko limeungua, kuna waliokufa. Chini yake palikuwa na picha ya moshi. Na kitu cha kwanza nilichohisi, sina namna ya kukipamba, kilikuwa furaha ndogo, kama ya mtu anayekuta jina la mtaa wake gazetini. Ninapajua hapa! Kwa mara ya kwanza dunia ilikuwa imenipa kitu ambacho watu wa ibada yetu wangekitambua.

Mimi huwaza kupita kiasi. Naweza kukesha juu ya "asante" niliyoisema kwa sauti ya chini mno dukani. Lakini kuhusu jambo hili niliwaza mara moja tu: bila shaka mama wa vitenge ameshasikia, ana watu kule. Kisha nikarudi kwenye kuhangaika na sayansi ya wiki hiyo, samaki wa kilindini mwenye mwili unaoonekana kama kioo, nikitafuta namna ya kuwafanya watu wamwone.

Jumapili yenyewe mama wa vitenge alifika amechelewa. Hakupata kiti, akasimama karibu na dirisha, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa haraka, akinitabasamia kama alivyofanya kila mara nilipokwenda mbele, kwa fahari ya jirani. Nilisema la siasa. Kisha nikasema la maafa, na nililitaja jina la mji ule kwa matamshi sahihi kabisa. Nikasema soko limeungua. Nikasema kuna waliokufa.

"Soko?" aliuliza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama unavyomwuliza mtu jikoni.

"Tusimame tuwaombee," alisema mzee, ambaye hakumsikia, au pengine alimsikia akadhani ni itikio. Watu wakasimama, na kama ilivyo desturi yetu kila mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Chumba kikajaa. Niliona mdomo wa yule mama ukiendelea kusogea. Watu walifumba macho. Waliokuwa wamefumbua tulikuwa mimi na yeye tu. Alikuwa akiniuliza kitu kutoka upande ule wa chumba, na mimi nikafanya nini? Nikafumba macho.

Maombi yalipotulia niliendelea. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mdomo wangu ulikuwa umepangiwa mambo matatu na ulitaka kuyamaliza. Nikasema, "Na jambo la mwisho, ndugu zangu, la kutia moyo: wanasayansi wamemwona samaki mmoja," na ndipo yule mama alipoanguka. Hakuzirai. Miguu yake tu ilikataa, akateremka ukutani taratibu hadi sakafuni, na kitambaa chake kikabaki kimenaswa kwenye ndoano ambayo watoto hutundikia mabegi yao.

Wanawake walimbeba hadi nyumbani. Mama mdogo na mimi tulifuata nyuma kwa miguu.

"Kwani wewe," alisema mwishowe, "ulikuwa hujui ana ndugu pale?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilidhani ameshasikia."

"Ulidhani." Alisimama katikati ya njia, bodaboda ikampita karibu kumgusa, hakujali. "Habari kama ile mtu hupewa akiwa amekaa. Nyumbani kwake. Unaenda na watu wazima, mnaanza na mambo mengine, mnaangalia kama amekula, kuna wa kumshika mkono huu na wa kumshika ule. Hata kwetu hivyo, hata kwao hivyo, hata hawa Waganda hivyo. Ni nani alikufundisha kuitupa habari ya mtu kama maji ya vyombo?"

Nilijua ni nani aliyenifundisha. Alikuwa mfukoni mwangu, na hata wakati ule nilikuwa nimemshika.

Mchana huo simu ya ndugu wa yule mama haikupatikana. Haikuita hata kidogo. Alijaribu za majirani, za mchungaji wa kule, za mtu anayeuza nyuzi. Mtandao wa mji mzima ulikuwa umezimika. Na kwa kuwa wanawake walikuwa wameshafika, wakiwa na huzuni na mikono mitupu, walifanya wanachojua kufanya. Mmoja alitandika mikeka uani. Mwingine aliwasha jiko. Viti vilitolewa nje ya chumba, chai ikatengwa, na mtu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesema ni matanga. Lakini kufikia alasiri mgeni yeyote ambaye angepita langoni angevua kofia.

Yule mama peke yake ndiye aliyekataa. Walimwekea nafasi kwenye mkeka, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya mlango wake. Walitaka kumfunga kitenge kiunoni kama mfiwa, akakisukuma.

"Mi sijaambiwa," alisema. "Nani alimuona? Aje yule aliyemuona. Mnalia mtu gani?"

"Tunakusindikiza tu, mama."

"Munanisindikiza wapi? Mi niko hapa."

Hayo niliyasikia kupitia dirishani. Mimi nilikuwa chumbani, nimejifungia, nikitafuta. Nilijiambia ninatafuta kwa ajili yake. Nilipata ile picha ya moshi tena na tena, mara nyingine ikiwa na jina la mji mwingine chini yake, na matumaini yakanipanda: labda si kwao. Nikasoma maoni ya watu waliotukanana juu ya nani aliyewatuma wale wenye silaha. Nikasoma taarifa ya msemaji fulani mwenye kulaani vikali. Kutoka hapo niliingia kwenye historia ya madini, kutoka kwenye madini nikaingia kwenye betri za magari, kutoka kwenye betri nikaingia kwenye darubini mpya iliyo angani. Niliposhtuka nilikuwa nasoma jinsi kioo cha ile darubini kilivyosuguliwa, nimezama kweli, nimefurahi, na nje ya dirisha wanawake walikuwa wakiimba.

Mama mdogo akagonga. "Anakuita. Anasema uje na simu."

Nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa. Mikeka ilijaa. Mzee alikuwa amekuja, amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, mguu wenye goti bovu umenyooshwa mbele. Wote walinitazama, na sikuweza kusoma chochote usoni mwao, jambo lililokuwa baya kuliko kama ningesoma hasira.

"Papa," alisema yule mama kutoka kwenye ndoo yake. "Nionyeshe."

Nilichuchumaa karibu naye nikamfungulia picha. Nilimwambia haraka haraka kwamba picha hizi huchanganywa, kwamba huenda ni mahali pengine, kwamba siku hizi huwezi kuamini. Hakunisikiliza. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ni kwetu," alisema. "Hii ni soko yetu."

Nilitaka kumpa kitu. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumpa kitu, chochote, hata kiwe nini. Nikasema, "Lakini wanasema waliokufa ni wachache, mama."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitaka kujua kweli.

"Wachache ni nani na nani?"

Mzee alikohoa. Mama mdogo alinishika kola ya shati kwa nyuma, polepole, akaninyanyua kama anavyonyanyua sare kwenye henga, akanirudisha ndani.

Siku zilizofuata yule mama alikaa vile vile. Hakwenda kuuza. Asubuhi alikaa kwenye ndoo yake na simu yake ndogo mapajani, akipiga, akingoja, akipiga. Wanawake walikuja kwa zamu na waliondoka wakiwa wamechoka, maana ni vigumu kumfariji mtu anayekataa kwamba amefiwa. Alikuwa hawezi kulia na hawezi kucheka. Akilia, ndivyo alivyomwambia mama mdogo, atakuwa amemzika mdogo wake kwa mikono yake akiwa pengine anatembea porini na cherehani kichwani. Asipolia, na kumbe ni kweli, basi kijana yule yuko ardhini na hakuna dada anayemlilia. Nilimsikia akiyasema nikiwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeanza kupitia mlango wa mbele ili nisikutane naye.

Jambo moja nililifanya. Niliingia kwenye kundi la mtandaoni la watu wa mji ule, waliotawanyika kila mahali, nikaandika kwamba namtafuta fundi wa cherehani wa baraza ya soko, mdogo wa mama anayeuza vitenge Kampala, na nikaweka namba yangu. Hata hilo nililiandika na kulifuta mara kadhaa, nikijiuliza kama linasikika kama la mtu anayejionyesha ana huruma. Huenda hata sasa linasikika hivyo.

Jumapili ilipokaribia mzee alipitia dukani ambako nilikuwa nikimsaidia mama mdogo kupanga soksi.

"Kijana. Lipoti ya dunia iko?"

"Mzee, mimi nadhani niache."

"Kwa nini?"

"Niliharibu."

Alikaa kwenye stuli ya wateja, akalipapasa goti lake. "Jeshini kulikuwa na kijana wa redio. Analeta maneno mbaya kila siku. Hakuna mutu anapenda yeye. Lakini afande alikuwa anasema, huyu akinyamaza tumekwisha." Akaunyoosha mguu. "Lakini yule alikuwa anajua hii maneno ni ya nani. Anaenda kwa mwenyewe, anaongea polepole, kwa sikio. Wewe ulitangazia kambi yote."

Mama mdogo alicheka bila kutaka, na mimi nikaziangusha soksi.

Simu ilikuja katikati ya juma lililofuata, asubuhi, nikiwa bado kitandani na kidole kikiwa juu ya habari ya mkutano wa viwanda. Namba ya kigeni. Sauti ya mwanamume, mbali, upepo ukipiga.

"Ni wewe unatafuta fundi wa cherehani? Wa pale soko?"

"Ni mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani wa dada yake."

"Dada yake yuko hapo karibu?"

"Hapana. Yuko nje."

"Basi sikiliza vizuri, na usimpe simu." Akaniambia. Fundi alifia pale pale barazani siku ya kwanza. Alikuwa amerudi kuchukua cherehani. Majirani ndio waliomzika, nyuma ya kanisa, wamemfunga kwa shuka. Huyu anayepiga alishika kichwa chake. Ameshavuka mpaka sasa, ndiyo maana amepata mtandao. "Usimwambie kwa simu," alirudia. "Usimwambie peke yako. Tafuta watu wakubwa."

Nilikwenda kwa mama mdogo nikiwa pekupeku. Alinisikiliza amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena na kuanza kutafuta viatu vyake. Angekwenda kumchukua mzee na wanawake wawili wa Kikongo waliojua namna ya kwao.

"Wewe kaa ndani," aliniambia. "Usitoke kabisa. Uso wako hauwezi kuficha kitu."

Nilikaa ndani. Lakini nilihitaji kunawa, na nilipochungulia niliona uani hakuna mtu, nikatoka na beseni hadi bombani. Naye yule mama akatokea na ndoo ya nguo. Kulikuwa na jua zuri baada ya mvua. Na alikuwa akiimba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa akiimba, wimbo wa kufulia nguo, wa kwao, akipiga povu kwa mapigo yake.

"Papa! Umenikimbia sana," alisema. "Leo niliamka mwepesi. Nimeota amenunua kiatu. Kuna habari?"

Maji yalijaa kwenye beseni, yakamwagika miguuni mwangu.

Nilimtazama, na nilifikiria yote kwa wakati mmoja: kwamba nikimwambia nitakuwa nimemtupia tena akiwa amesimama, mikono ina sabuni, hakuna wa kumshika, na kwamba nisipomwambia ninamwibia kitu ambacho ni chake kuliko kitu chochote alicho nacho.

"Bado, mama," nilisema.

"Sawa. Tutangoja." Akarudi kwenye wimbo wake.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani bila kushika simu, nikamsikiliza akiimba mpaka lango lilipofunguliwa.

Walikuja wakiwa wamevaa vizuri. Mzee alivaa koti. Waliniita nami, kwa kuwa mimi ndiye niliyepokea maneno. Walimsalimu, wakaingia chumbani mwake, wakakaa. Mama mmoja wa Kikongo alimwuliza kama amekunywa chai. Mwingine alisifu kitenge cha ukutani. Mama mdogo alisema mvua ya mwaka huu haina adabu. Yule mama alimjibu kila mmoja, kwa ukarimu, akifuta povu mikononi, na macho yake yakaanza kutembea: koti la mzee siku ya kazi, viatu vya mama mdogo, mimi na shati langu lililopigwa pasi. Wale wanawake wawili walikuwa wameshasogea, huyu kulia, huyu kushoto.

"Semeni," alisema.

Mzee aliinamisha kichwa. "Mama, ndugu yako alikwenda. Siku ile ile. Majirani walimuzika. Walimuzika vizuri, na shuka. Kuna mutu alishika kichwa yake."

Sitaeleza kilio chake. Kilikuwa chake.

Uani palijaa tena, safari hii kwa haki. Mimi nilibeba viti, nikabeba kuni, nikabeba chochote nilichoagizwa. Jioni ilipoanza kuingia alinipungia mkono kutoka kwenye mkeka. Nilipiga magoti karibu naye. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Papa. Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mama."

"Pale bombani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alifikiri. "Nilikuwa naimba."

"Ndiyo."

"Na weye ukaniacha niimbe."

Nilingoja aseme zaidi. Sikuelewa kama ananilaumu au ananishukuru, na usoni mwake palikuwa na machozi tu, ya mdogo wake, hayakuhusu mimi hata kidogo. Nilifungua mdomo nimwulize alimaanisha nini. Nilitaka sana aniambie mimi ni mtu wa namna gani. Wakati huo mama mdogo akanigusa bega kwa sufuria tupu, akasema niache kumsumbua mfiwa, niende nikateke maji, maana watu wa Kalerwe ndio kwanza wanaingia langoni.